Mradi wa Nasaba na Historia ya Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Tanga

Vikundi vingi vya Tanga vinavyotaka kuandika nasaba na historia ya mtaa vinakwama mahali pamoja. Siku ya kwanza wanatandika karatasi ya manila, wanaanza kuchora mti wa ukoo, na wazee wanachangamka. Kikao cha pili watu wanabishana kama Salimu Ali ndiye aliyemzaa Ali Salimu au kinyume chake. Kikao cha tatu hakifanyiki.

Kosa ni mpangilio. Mti umechorwa kabla ya kila taarifa kuandikwa peke yake na jina la aliyeitoa. Ubishi ukizuka, hakuna pa kurudi. Katika mwongozo huu mti unachorwa karibu na mwisho, na ukiufuata hivyo utachorwa mara moja tu.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu mbili zenye kinasa sauti, pawa benki moja, na ikiwezekana kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo
- Diski mbili za nje (si flashi: flashi hupotea na huharibika haraka)
- Kaunta buku tatu: ya namba za watu, ya mahojiano, ya vitu vilivyoazimwa
- Rimu moja ya karatasi za A4 kwa kadi na fomu za ridhaa
- Penseli za 2B na kichongeo
- Bahasha za kaki 50 na faili boksi tatu
- Kitambaa cheusi kisichong'aa, rula ya sentimita 30, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika
- Kidau cha wino kwa wasioandika

Watu watano hadi saba wanatosha. Lazima angalau wawili wawe wanawake wa makamo wanaojua kuingia uani kwa watu bila kuwatia haya. Mmoja awe mtunza kumbukumbu, na kazi hiyo isizunguke kila mwezi.

Hatua ya 1: Punguza eneo

Usiandike "historia ya Tanga". Chagua mtaa mmoja, au barabara mbili za Ngamiani, au mlango mmoja wa ukoo. Kaya 15 hadi 20 zinatosha kwa mzunguko wa kwanza.

Sababu ni hesabu. Saa moja ya sauti humchukua mwandishi saa nne hadi sita kuiweka kwenye karatasi. Wazee 20 wakizungumza saa moja kila mmoja, mna saa 80 hadi 120 za kuandika. Kikundi kinachoanza na wazee 60 huishia na sauti ambazo hakuna atakayezisikiliza.

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kisha kwa imamu au paroko, mkiwa na barua ya ukurasa mmoja: nini mnakusanya, nani anahusika, nakala zitakaa wapi. Barua hiyo igongwe muhuri. Mzee anayeona vijana na simu mlangoni hudhani ni madalali wa viwanja, na hapo ana haki ya kunyamaza.

*Umefaulu ikiwa:* una orodha ya kaya kwa majina, barua yenye muhuri, na mtu mmoja aliyekubali kuwa mtunza kumbukumbu.

Hatua ya 2: Ridhaa kabla ya swali la kwanza

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inahusu majina, picha na sauti za watu walio hai. Fomu yenu iwe nusu ukurasa na imwachie mtu achague moja kati ya madaraja haya ya ridhaa:

1. Taarifa zikae kwa familia yake tu.
2. Zisomwe na wakazi wa mtaa, ndani ya ofisi au maktaba.
3. Zitumike popote, pamoja na redioni na mtandaoni.

Ongeza mstari unaosema anaweza kubadili uamuzi wake. Asiyeandika apige dole gumba, na maneno yake ya kukubali yarekodiwe mwanzo wa sauti. Kwa mtoto chini ya miaka 18, ridhaa itolewe na mzazi.

Onyo kubwa: mambo ya asili ya utumwa, mtoto wa nje ya ndoa, na mirathi ambayo haijagawanywa yanaweza kuvunja familia. Mzee akiyasema, yaandike kwenye karatasi tofauti yenye daraja la kwanza la ridhaa, hata kama fomu yake ni ya daraja la tatu. Pwani hii ilipitiwa na misafara ya watumwa, na wapo wajukuu wanaoishi leo mlango kwa mlango na wajukuu wa waliowamiliki babu zao. Hakuna mtu anayestahili kusoma asili yake ukutani kabla ya kuambiwa nyumbani.

Hatua ya 3: Kadi moja kwa mtu mmoja

Hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka. Kila mtu anayetajwa, hai au marehemu, anapata namba yake: P0001, P0002, kuendelea. Namba haibadiliki wala haitumiwi tena hata kadi ikifutwa. Jina linaweza kuwa la watu sita, lakini namba ni ya mmoja.

Kila kadi iwe na:

- Namba na majina matatu
- Majina mengine: la utani, la mtoto (Mama Fulani), la ubatizo, la kazini
- Namba ya baba na namba ya mama
- Namba za wake au waume, kwa mpangilio wa ndoa
- Kuzaliwa, kufariki na mahali alipozikwa
- Nani amesema, lini, na amejuaje

Mstari wa mwisho uwe na herufi moja: A kwa aliyeona mwenyewe, B kwa aliyesimuliwa na mzazi au bibi yake, C kwa habari ya mtaani, D kwa hati. Weka herufi pembeni ya kila taarifa, maana mtu huyo huyo anaweza kuwa A kwa kifo cha mama yake na C kwa ndoa ya babu yake.

Usiruhusu nafasi moja tu ya "ukoo". Tanga ina Wadigo na Wazigua ambao kwa desturi ya zamani ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli. Uislamu ulileta kufuata upande wa baba, kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na majibu mawili sahihi. Weka nafasi mbili: ukoo wa kuumeni na ukoo wa kukeni.

Angalia pia tahajia. Athumani, Asumani na Othman anaweza kuwa mtu mmoja kwenye karatasi tatu. Vivyo hivyo Hamisi na Khamis, Hatibu na Khatib. Andika kama msemaji anavyotamka, kisha kama hati inavyosema, bila kusahihisha chochote.

Hatua ya 4: Mahojiano

Nenda baada ya swala ya alasiri au asubuhi ya saa nne, si siku ya Ijumaa. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha shughuli. Peleka sukari na majani ya chai. Usitoe pesa kwa ajili ya majibu, kwa sababu jirani naye atakuja na nasaba ya kuuza.

Kabla ya kurekodi:

1. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati.
2. Zima feni. Feni ndiyo inayoua sauti nyingi kuliko bajaji za barabarani.
3. Iweke simu sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu.
4. Rekodi nusu dakika, isikilize, ndipo uanze.
5. Taja tarehe, mahali, namba ya mzee na waliopo.

Muundo wa WAV wa chaneli moja (mono) hula takriban MB 5 kwa dakika, yaani kama MB 300 kwa saa. MP3 ya kawaida ni kama MB 1 kwa dakika. Tumia WAV kama nafasi ipo. Simama dakika ya 60, hata kama mazungumzo ni matamu. Mzee aliyechoka huanza kukubali kila unachosema.

Maswali yanayofungua nasaba. "Nieleze ukoo wenu" ni swali baya. Mzee atakupa majina manne makubwa na kuruka wanawake wote. Uliza kuhusu matukio ambayo kwa desturi yana watu wake maalumu:

- *Nani alikuwa walii wako siku ya ndoa?* Walii ni baba, na baba asipokuwepo ni jamaa wa kiume wa upande wa baba. Jibu likiwa "ami yangu", una mtu mpya na una uhakika yuko kuumeni.
- *Bibi alipozikwa, nani walishuka kaburini?* Kwa maiti wa kike, wanaotangulizwa ni maharimu wake, yaani jamaa wa kiume ambao hawaruhusiwi kumwoa. Majina matatu ya walioshuka mara nyingi ni mtoto, ndugu na mpwa.
- *Babu alipofariki, nani walikaa eda?* Hapa hutokea mke wa pili aliyesahauliwa kwenye kila orodha.
- *Mahari yako iligawanywaje, mjomba alipata nini?* Inaonyesha nguvu ya upande wa mama.
- *Jina lako ulirithi kwa nani?* Majina hurudi kwa wajukuu, kwa hiyo jibu linakupeleka vizazi viwili nyuma.
- *Watani wenu ni nani, na nani alikuja kutania msibani?* Linaonyesha kabila na mahali walikotoka.

Kwa familia zilizokuja kufanya kazi kwenye mkonge, usianze na kijiji cha asili. Uliza shamba gani, kambi gani, msimamizi gani, na kama kipande (kadi ya kazi ya kibarua) kimehifadhiwa. Manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashambani, walitoka mbali: Unyamwezi, Ubena, Ungoni, Uha, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Wapo walioandikishwa kwa jina ambalo nyumbani hawakulijua, ndiyo maana jamaa wanamtafuta babu miaka yote bila kumpata. Andika jina la kipande kama jina kamili la pili.

Wanawake wahojiwe na wanawake, uani, mikono yao ikiwa na kazi kama kuchambua mchele. Wanajua nani alinyonyeshwa na nani, mimba ipi iliharibika, watoto wangapi walifariki kabla ya kupewa jina kubwa. Mzee wa barazani hayajui hayo. Akiwa amekaa karibu, bibi atasema "muulize babu yako", na mahojiano yamekwisha hapo.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya saa moja una angalau kadi mpya kumi, na nusu yake ni za wanawake wenye majina yao wenyewe, si "mke wa fulani".

Hatua ya 5: Kupata miaka

Wazee wengi hawana tarehe, na wenye vyeti wengi walivipata ukubwani. Tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee ni ishara ya makadirio. Iandike kama ilivyo, lakini usiijengee hoja.

Tengeneza kalenda ya matukio na uende nayo. Kwa Tanga, anza na hizi:

- Novemba 1914: mapigano ya Tanga kati ya Wajerumani na jeshi la Waingereza lililotoka India
- 1916: Waingereza wanauchukua mji
- 1939–1945: Vita Kuu ya Pili, wanaume wanaingia Keya (jeshi la kikoloni la King's African Rifles)
- 9 Desemba 1961: Uhuru
- Januari na Aprili 1964: Mapinduzi ya Zanzibar, kisha Muungano
- 1967: Azimio la Arusha; mashamba mengi ya mkonge yanataifishwa
- 1971: nyumba za kupangisha zinataifishwa, jambo ambalo mjini Tanga kila mtu analikumbuka
- 1974: ukame na Operesheni Vijiji
- 1978–1979: vita vya Kagera
- 12 Aprili 1984: kifo cha Sokoine
- 1997–1998: mvua za El Niño
- 14 Oktoba 1999: kifo cha Mwalimu Nyerere

Ongeza matukio ya mtaa wenyewe: msikiti ulipoezekwa mabati, kisima kilipochimbwa, shule ilipofunguliwa.

Mzee akisema "mwaka wa vita", uliza vita gani, na alikuwa anaweza kufanya nini wakati huo: alikuwa mgongoni, anachunga mbuzi, au ameoa? Chukua mfano huu. Bibi anasema siku ya Uhuru alikuwa na mtoto wake wa kwanza, ananyonya. Mtoto huyo alizaliwa 1960 au 1961. Kama alimzaa akiwa na miaka 16 hadi 20, bibi alizaliwa kati ya 1940 na 1945. Andika "takriban 1940–1945". Ukiandika "1942" kwa sababu inapendeza, mwaka ujao mtu ataichukua kama hati.

Majina nayo husaidia. Rajabu, Shabani na Ramadhani mara nyingi hutaja mwezi. Juma na Jumanne hutaja siku. Lakini ukishajua kuwa Ramadhani amerithi jina la babu yake, jina hilo halikuambii kitu kuhusu kuzaliwa kwake. Wazee wanaohesabu kwa Mfunguo (miezi inayohesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani) nao waandikwe hivyo hivyo: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Tatu ni Dhulhija, Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi.

Kwa miaka ya Hijria kwenye makaburi na barua: zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1332 unakupa 1914. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa hiyo andika vyote viwili.

Hatua ya 6: Picha na hati za nyumbani

Usiondoke na hati ya kiwanja ya mtu yeyote. Ipigie picha hapo hapo, mbele ya mwenyewe, umrudishie mkononi. Vitu vingine vikiazimwa viandikwe kwenye kaunta buku ya tatu: nini, cha nani, siku ya kurudi, sahihi mbili. Siku ya kurudi isizidi siku saba.

Kupiga picha ya picha: kitambaa cheusi mezani karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja, bila flashi. Simu iwe sambamba na meza, rula pembeni. Piga mbele na nyuma, maana nyuma ndipo penye maandishi. Picha iliyogandana na kioo cha fremu ipigwe ikiwa humo humo; ukiibandua, uso unabaki kwenye kioo. Usipige laminesheni kitu chochote cha zamani.

Maandishi nyuma ya picha yawe ya penseli, kwa shinikizo dogo, kwenye pembe. Hifadhi ndani ya bahasha ya karatasi. Plastiki katika joto la pwani hushika unyevu na kuleta ukungu.

Picha zisitumwe kama picha za kawaida za WhatsApp, zinapunguzwa ubora. Zitume kama dokumenti.

Mkikuta barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, msizipuuze kwa sababu hamzisomi. Walimu wengi wa madrasa wanazisoma. Mmoja asome kwa sauti mkimrekodi, mwingine aandike.

Hatua ya 7: Makaburi

Ombeni ruhusa ya familia na msimamizi. Piga picha jua likiwa chini, asubuhi au jioni, ili mwanga wa pembeni utoe kivuli kwenye herufi. Jua likiwa juu, kioo kidogo cha kujitazamia kinaweza kurusha mwanga kwa upande.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini tu. Chaki, unga, brashi ya waya na dawa za kung'arisha haziruhusiwi. Jiwe la matumbawe na chokaa likikwanguliwa halirudi. Magofu ya Tongoni yanalindwa kisheria: hapo ni kutazama na kupiga picha, bila kugusa.

Chora ramani ya mistari ya makaburi. Kaburi lisilo na maandishi lililo kati ya mawili yenye majina mara nyingi linajulikana na mzee mmoja tu. Mpelekeni akiwa bado anaweza kutembea.

Hatua ya 8: Kumbukumbu za ofisini

Nendeni mkiwa na majina na miaka mkononi. Ofisi haitawatafutia "babu yetu".

*Vitabu vya ubatizo na ndoa.* Waliobatizwa na misheni ya Waanglikana ya UMCA waanzie Magila, Muheza. Andaeni jina la ubatizo, jina la baba, kijiji, na kipindi cha miaka mitano. Nakilini pia wasimamizi wa ubatizo, kwani mara nyingi ni jamaa.

*RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo).* Enzi za ukoloni Waafrika wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, hivyo kukosa cheti cha 1940 si jambo la kushangaza.

*Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.* Kuna mafaili ya Wajerumani na Waingereza. Mtapata zaidi kuhusu mashamba, majumbe na mipaka kuliko kuhusu mtu mmoja mmoja. Ya Kijerumani mengine yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo huushindwa. Yaachieni mzunguko wa pili.

Hatua ya 9: Chora, kisha hakiki

Sasa chukua manila. Kila kisanduku kiwe na jina na namba ya kadi. Mstari mzima kwa taarifa yenye A mbili au D moja. Mstari wa vitone kwa B au A moja. C isichorwe mpaka ipate nguvu. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali watoke kwenye mistari tofauti ya ndoa.

Mchoro wa kubandikwa hadharani uishie kwa marehemu. Walio hai wabaki kwenye nakala ya familia.

Itisha kikao cha uhakiki, familia moja kwa siku moja. Asome mtu mwenye sauti, kizazi kwa kizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Pingamizi likija, msiamue kwa kura wala kwa umri wa msemaji. Fungua kadi, soma nani alisema na herufi yake, ongeza maelezo mapya na mtoaji wake. Kauli mbili zikibaki, zote ziandikwe. Mabishano hupoa haraka mtu akiona maneno yake yameandikwa na jina lake lipo.

*Umefaulu ikiwa:* mtu ambaye hakuwepo kwenye mahojiano anaweza kuonyesha kidole mstari wowote na mkampa chanzo chake ndani ya dakika mbili.

Hatua ya 10: Rudisha, kisha hifadhi

Ndani ya siku 30 baada ya uhakiki kila kaya ipate bahasha: nakala ya mchoro, picha zake zilizochapwa, na sauti ya mzee wao. Kaya za mzunguko wa pili zitawafungulia mlango kwa sababu ya bahasha hiyo.

Majina ya faili yaanze na tarehe, mwaka kwanza: 2026-02-14_P0012_sauti1. Hapo kompyuta itayapanga yenyewe. Nakala ziwe tatu: diski ya mtunza kumbukumbu, diski ya pili nyumba nyingine, na seti ya karatasi kwenye faili boksi. Seti ya tatu inaweza kuombewa nafasi Maktaba ya Mkoa au kwenye makumbusho ya Urithi yaliyo kwenye boma la zamani mjini, kwa barua inayotaja daraja la ridhaa la kila bahasha.

Kila Januari, mtunza kumbukumbu afungue faili kumi kutoka kila diski, asikilize dakika moja ya kila sauti, akague bahasha kama zina ukungu, na aandike alichokuta kwenye kaunta buku ya kwanza. Diski ibadilishwe ikifikisha miaka mitano, hata kama bado inafanya kazi.